Shujaa Asiye na Wimbo

Jogoo hujulikana kwa kuwika kabla hajaonekana, na simba hujulikana kwa kunguruma kabla nyasi hazijatikisika. Mwanadamu naye ana sauti yake, na jamaa zake huitambua gizani bila taa. Ikiwa desturi ya viumbe ndiyo hii, kwa shujaa wa hadithi ni sharti zaidi, maana shujaa ni mtu aliyekuzwa kupita kimo cha watu. Shujaa asiye na sauti ya kumtambulisha ni ngoma isiyo ngozi: umbo lake laonekana, lakini haliwezi kumwinua mtu kitini. Shtaka hili linaletwa hapa juu ya sinema za siku hizi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale warukao angani, wavunjao milima kwa ngumi, na kurejea nyumbani bila jeraha. Sinema hizo zina fedha, zina mitambo, zina okestra za watu wengi na watunzi waliosoma. Lakini nyingi katika hizo hazina wimbo.

Shtaka hilo si la Marekani peke yake. Linaihusu Malangali, kata ya mji wa Sumbawanga katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kama linavyoihusu New York. Mashujaa hao wamekwisha kufika pande hizo kwa kanda, kisha kwa diski, kisha kwa simu za mkononi. Popote Tanzania palipo na kibanda cha video, kile ambacho watu kwa mzaha hukiita kibanda umiza kwa ajili ya mabenchi yake na msongamano wake, mashujaa hao ni wageni wa kila wiki, na aghalabu huja wamekwisha kutiwa maneno ya Kiswahili na mfasiri.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Malangali mwenye umri wa miaka 12. Akitoka kibandani jioni, katika baridi ya Ufipa, atamwigiza shujaa kwa mikono na miguu. Atarusha mfuniko wa sufuria kama Captain America arushavyo ngao. Atayarudia maneno ya mfasiri pamoja na vituo vyake na kicheko chake. Sasa aambiwe auimbe wimbo wa shujaa huyo. Atatoa mlio wa mlipuko kwa kinywa, atatoa mlio wa chuma kikigonga chuma, kisha atanyamaza. Amekaa saa mbili na zaidi ndani ya muziki usiokoma, naye ametoka hana hata kipande cha mahadhi kinywani.

Mtu wa haraka atamtupia mfasiri lawama. Atasema kwamba mfasiri, kwa mapokeo yaliyovumishwa Dar es Salaam na Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, husema juu ya picha toka mwanzo hata mwisho, na kwamba maneno yake huufunika muziki kama mafuriko yafunikavyo shamba. Ni kweli kwamba husema, na ni kweli kwamba hufunika. Lakini sababu hiyo haisimami, maana maradhi yayo hayo yameonekana mahali pasipo mfasiri. Mwaka 2016 Tony Zhou na Taylor Ramos, watengenezaji wa insha za video, waliwauliza wapita njia kama waweza kuimba muziki wa sinema mashuhuri. Muziki wa Star Wars ukaimbwa, wa James Bond ukaimbwa. Walipoulizwa juu ya muziki wa sinema za kampuni ya Marvel, zilizokuwa zikijaza majumba ya sinema duniani mwaka ule ule, watu walitazamana. Hapakuwa na mfasiri aliyewafunika masikio. Basi mfasiri wa kibandani si mshtakiwa. Yeye ni shahidi. Alikikuta kiti kitupu, akakikalia. Shujaa alikuja hana sauti yake, mfasiri akamkopesha ya kwake, na ndiyo sababu watoto hurudi nyumbani na sauti ya mfasiri.

Wala kosa si la masikio ya vijana. Wazee wengine hupenda kusema kwamba vijana wa leo hawashiki kitu, akili zao zimetawanywa na simu. Maneno hayo ni rahisi kusema na vigumu kuthibitisha. Watoto wa Tanzania wanaotazama Ubongo Kids, vipindi vya katuni vilivyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, huzishika nyimbo zake za hesabu na sayansi bila kulazimishwa na mwalimu. Kijana aliyesikia wimbo wa Bongo Fleva mara mbili kituo cha basi huurudia njia nzima. Mwanakwaya wa parokia hushika sauti yake ya nne kwa mazoezi machache, hali hajui kusoma noti. Sikio lishikalo hesabu kwa wimbo haliwezi kushindwa kumshika shujaa kwa wimbo, kama wimbo wenyewe upo.

Kabla ya kutafuta sababu, yafaa kueleza kwa nini jambo hili si dogo. Katika kila sinema kuna mali mbili. Picha ni mali ya mwenye mtambo. Wimbo ni mali ya mwenye masikio. Picha hubaki ukutani taa zizimwapo, na atakaye kuiona tena hana budi kulipa tena. Wimbo huondoka na mtu. Huvuka naye barabara, huingia naye shambani, hulala naye, na huamka naye bila umeme wala ada. Mtoto wa tajiri ana televisheni chumbani, aweza kumwita shujaa wake wakati wowote. Mtoto asiye na umeme nyumbani ana fungu moja tu katika karamu ile, nalo ni lile awezalo kulichukua kichwani. Sinema isiyompa wimbo imemwalika kula ikamnyima fungu la kwenda nalo. Kwa hiyo hasara ya muziki usio na sauti humwangukia kwanza yule mwenye vyombo vichache zaidi, na ubishi huu ambao baadhi ya watu huuona kuwa ni wa wapenda starehe ni ubishi wa haki.

Sasa na watazamwe waliotangulia. Mwaka 1978 ilitolewa sinema ya Superman, na muziki wake ukatungwa na John Williams. Tarumbeta zake huanza kwa hatua za askari, zikapanda kama mtu apandaye ngazi mbili mbili, na zifikapo kileleni wasikilizaji wengi husikia jina lenyewe la shujaa likitamkwa na shaba. Mwaka 1989 ilikuja Batman ya Tim Burton, na Danny Elfman akamtungia mtu yule wa usiku wimbo wa giza, mfupi, wenye kuzunguka kama popo aliyeingia nyumbani. Mtu akizisikia nyimbo hizi mbili bila picha hawezi kuwachanganya wenyewe. Mmoja huruka mchana, na mwingine hujificha usiku. Masikio peke yake yatosha kusema nani ni nani. Ikaja sinema mpya ya Superman mwaka 2025, iliyoongozwa na James Gunn, na watunzi wake, John Murphy na David Fleming, wakaurudia mwito ule wa Williams na kuujenga upya. Zilikuwa zimepita miaka 47. Shujaa alipata mwigizaji mpya, vazi jipya na mji mpya, lakini koo aliazima kwa mzee. Hapana ushahidi ulio wazi kuliko huo: watu hawaazimi kitu walicho nacho.

Hata hivyo haifai kudai zaidi ya haki. Wako wasemao kwamba muziki wa zamani ulikuwa na mahadhi na wa sasa una ngurumo tu, na kwamba dawa ni kurudi kwenye tarumbeta. Hao wameona moshi wakadhani ndio moto. Mwaka 2008, katika The Dark Knight, Hans Zimmer na James Newton Howard walimpa adui, yule Joker, sauti ambayo haina mahadhi hata kidogo. Ni sauti moja ya selo, yavutwa na kukwaruzwa na kupandishwa polepole mpaka meno ya msikilizaji yapate ganzi. Hapana awezaye kuiimba bafuni, lakini aliyeisikia humjua mwenyewe kabla mlango haujafunguliwa. Basi sauti si lazima iwe tamu, wala si lazima iwe ndefu. Lazima iwe ya mwenyewe. Ndege wengine huimba na wengine hukoroma, lakini mwindaji huwatambua wote.

Kipimo chake ni rahisi, na mwanafunzi yeyote aweza kukitumia. Na uchukuliwe muziki wa pambano la mwisho la sinema moja, utiwe katika pambano la mwisho la sinema nyingine. Mtazamaji akishtuka, muziki ule ulikuwa na mwenyewe. Asiposhtuka, muziki ule ulikuwa nguo ya kukodi. Sinema nyingi za mashujaa zilizotolewa kati ya mwaka 2008 na 2020 hushindwa mtihani huu mchana kweupe. Ngoma zake hupiga mwendo mmoja, vinanda vyake vya nyuzi huchapuka kwa namna moja, tarumbeta zake huja mwisho na sauti nne ndefu ambazo zafaa kwa mazishi, kwa ushindi na kwa tangazo la gari.

Yamekuwaje hata mambo yakafika hapo? Si kwa uhaba wa vipaji. Watunzi wale wale walioandika muziki wa mashujaa usiokumbukwa wameandika kwingineko muziki unaokumbukwa. Ramin Djawadi, aliyeutunga wa Iron Man mwaka 2008, ndiye aliyetunga muziki wa Game of Thrones, ambao mamilioni ya watu huuimba. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kazi iliyowekwa mbele yake. Sababu ziko nne, na kila moja yatosha kumnyamazisha shujaa.

Sababu ya kwanza ni kubadilishwa kwa watunzi kama mabadiliko ya zamu ya walinzi. Iron Man alikuwa na sinema tatu za jina lake na watunzi watatu: Djawadi mwaka 2008, John Debney mwaka 2010, Brian Tyler mwaka 2013. Thor alipewa Patrick Doyle mwaka 2011, Brian Tyler mwaka 2013, Mark Mothersbaugh mwaka 2017, kisha Michael Giacchino pamoja na Nami Melumad mwaka 2022. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kila nahodha alikuja na tanga lake, akalitupa la mwenzake baharini. Wimbo hukaa moyoni kwa kurudiwa, na shujaa abadilishwaye sauti kila safari hurudiwa uso tu. Kinyume chake ni Alan Silvestri, aliyewatungia Avengers wimbo mwaka 2012 na kuurudia mwenyewe mwaka 2018 na 2019. Huo ndio mmoja katika nyimbo chache za nyumba hiyo ambazo watu wanazijua, na sababu yake si muujiza: aliyeupanda aliruhusiwa kurudi kuupalilia.

Sababu ya pili ni desturi ya watengenezaji ambayo fundi cherehani angeielewa upesi. Fundi hushikiza nguo kwanza kwa uzi mwepesi, mteja aijaribu, kisha huishona kwa uzi wa kudumu na kuufumua ule wa kushikizia. Watengenezaji wa sinema nao hushikiza picha zao kwa muziki wa sinema iliyotangulia ili waone kama mwendo unafaa. Hapo ndipo ufundi unapoharibika. Mwongozaji huisikia nguo ile iliyoshikizwa kwa wiki na miezi, akaizoea, akaipenda. Mtunzi ajapo huambiwa: fanya kama huu, lakini usiwe huu. Atatunga nini mtu huyo isipokuwa kivuli cha kivuli? Sinema inayofuata nayo itashikizwa kwa kivuli hicho, na baada ya vizazi vinne vya vivuli hakuna akumbukaye umbo lililokuwa limesimama juani.

Sababu ya tatu ni hofu ya kimya. Katika sinema hizo muziki husikika karibu kila dakika, na juu yake huwekwa milipuko, vioo vivunjikavyo na mizaha. Mtu asemaye siku nzima hasikilizwi hata asemapo kweli. Mpigaji wa ngoma ajuaye kazi yake huiacha ngoma ipumue, kwa maana pigo husikika kwa ajili ya pengo lililolitangulia. Muziki uliotandikwa kama zulia hukanyagwa kama zulia.

Sababu ya nne ni haya, nayo ni mbaya kuliko zote. Wimbo wa shujaa ni tendo la imani. Aupigaye lazima aamini, japo kwa dakika mbili, kwamba ushujaa upo na wafaa kusifiwa waziwazi. Sinema nyingi za sasa zina haya ya kuamini. Shujaa akiinuliwa kidogo, hapo hapo hutupwa mzaha wa kumshusha, ili mtazamaji mjuzi asije akasema kwamba amechezewa moyo wake. Katika nyumba ya namna hiyo tarumbeta haiwezi kupigwa ila kwa dhihaka. Mtunzi aliyekatazwa kuamini hufanya yale ambayo mtumishi yeyote mwenye busara angefanya: hunong'ona kwa kelele.

Watetezi wa hali hii wana hoja mbili, na si haki kuzipita. Hoja ya kwanza husema kwamba muziki wa sinema ni mtumishi wa picha, na mtumishi mwema haonekani. Jibu lake liko jikoni. Chumvi haionekani chunguni, lakini mlaji huijua, na ikikosekana hataacha kuuliza. Muziki wa Jaws, uliotungwa na huyo huyo Williams mwaka 1975, ulimtumikia papa vizuri hata papa mwenyewe hakuwa na haja ya kuonekana. Sauti mbili zilitosha kuwatoa watu majini. Huo ndio utumishi. Mtumishi ambaye kuwapo kwake na kutokuwapo kwake ni sawasawa hana sababu ya kulipwa mshahara.

Hoja ya pili husema kwamba nyimbo za zamani zinakumbukwa kwa sababu ni za zamani, na kwamba hizi za sasa zikipewa miaka 40 zitakumbukwa pia. Lakini Superman hakuhitaji miaka 40 mwaka ule wa 1978. Wakati huhifadhi kilichopo, hauumbi kisichokuwapo. Ghala la miaka mingi huitunza mbegu, halizai mbegu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuushangaa ubishi wote huu, kwa maana mashujaa wa pande hizi hawakuwahi kuwa bubu. Fumo Liyongo, kama ilivyosimuliwa katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakuokolewa gerezani kwa nguvu za mikono, ingawa zilikuwa nyingi. Aliokolewa kwa nyimbo. Kwa wimbo alimtuma kijakazi Saada amwambie mama yake amletee tupa ndani ya mkate, na kwa shangwe ya gungu iliyochezwa nje, vyombo vikilia na watu wakiitikia, mlio wa tupa juu ya minyororo ulifichwa walinzi wasiusikie. Hapo muziki haukuipamba hadithi. Muziki ulikata chuma. Uondolewe, na shujaa angali gerezani hata leo.

Katika milima ya Kivu, mashariki ya Kongo, Wanyanga wana habari za Mwindo. Masimulizi ya Rureke yaliyoandikwa mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969 yaeleza kwamba baba yake, Shemwindo, alimtia mtoto huyo ndani ya ngoma, ngozi ikawambwa, akatupwa majini. Mtoto akaimba humo ndani. Na msimulizi wa habari hizo hakai kitako akasoma. Huimba, hucheza, wapigaji humwekea mwendo, na waliohudhuria huitikia. Shujaa aimbaye ndani ya ngoma! Hapana mtunzi wa Hollywood aliyewahi kupata mfano mzuri kuliko huo wa uhusiano wa shujaa na muziki wake. Jambo la kuzingatia ni kiitikio. Msikilizaji wa Mwindo hakungoja kukumbuka wimbo baada ya hadithi. Aliuimba hadithi ikiendelea, na kwa hiyo alirudi nyumbani nao kama mtu arudivyo na mikono yake.

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya kale yasiyowezekana katika sinema ya leo. Mwaka 2018 ilitolewa Black Panther, sinema ya Marvel hiyo hiyo. Mtunzi wake, Ludwig Göransson, mtu wa Uswidi, hakuanza kwa kushikiza. Alikwenda Senegali akafuatana na mwimbaji Baaba Maal katika safari zake za muziki. Akakutana na tama, ile ngoma ya kwapani ambayo mpigaji huibana ikapanda na kushuka kama usemi wa mtu. Tama ikapewa jina la mfalme T'Challa ilitamke, naye Massamba Diop akaipiga. Adui, Killmonger, akapewa filimbi ya Wafula. Tena Göransson alikwenda Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, akasikiliza kanda zake. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Basi kampuni ile ile, katika miaka ile ile, kwa mitambo ile ile, iliweza kumpa shujaa sauti, mara tu mtunzi alipoamini kwamba shujaa ana kwao na kwamba kwao kuna sauti. Hoja ya kwamba zama za sasa haziwezi imekufa hapo, na yafaa izikwe.

Lakini ushindi huo una uchungu wake kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Nchi ya Wakanda, katika ramani za sinema hizo, imewekwa upande wa mashariki ya Afrika. Watu wake husema Kixhosa cha kusini, na ngoma yao hunena kwa mkono wa Senegali. Mashariki ilitoa ardhi. Sauti ilitafutwa kwingine. Hapana haja ya kumlaumu Göransson. Yeye alikwenda mahali alipopata mlango wazi na mwenyeji aliyemkaribisha. Lawama ni ya wenye nyumba ambao mlango wao haukuwa na mtu.

Wafipa wana habari inayolifaa jambo hili. Yasimuliwa kwamba mfalme wa Milansi alikuwa mawindoni walipofika wanawake wageni, ambao ukoo wao ulikuja kutawala kwa jina la Watwa. Wageni wale wakakikalia kigoda cha enzi. Mfalme aliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha. Nchi ikawa ya wageni, naye akabaki na Milansi yake. Hawakuhitaji vita. Walihitaji kigoda kitupu tu. Kiti cha wimbo wa shujaa katika lugha ya Kiswahili ki vivyo hivyo leo, na wenyewe wako mawindoni.

Mashujaa wamekwisha kuanza kuzaliwa. Mwaka 2018 Kenya ilitoa Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, habari za msichana mgonjwa, Jo, ambaye kijiji kizima kinamsaidia kuwa shujaa wa sinema. Mwaka 2023 Zambia, jirani wa Ufipa, ilipeleka ulimwenguni wasichana mashujaa wa Lusaka katika katuni za Supa Team 4. Haitakuwa muda mrefu kabla ya shujaa wa Kitanzania mwenye nguvu za ajabu kuruka juu ya Ziwa Rukwa. Suala ni hili: ataruka kwa sauti ya nani? Mtazamaji wa filamu za Dar es Salaam za miaka ya 2000 anakijua kinanda kile cha umeme, kilicholia kila mtu aliapo na kutetema kila mlango ufungukapo, kimoja kwa mjane, kwa jambazi na kwa mchumba. Kama kinanda hicho ndicho kitakachomngoja shujaa, ni afadhali asizaliwe.

Yapasa yafanywe mambo matatu, na hayahitaji mamilioni. Mtunzi wa muziki na aitwe siku hadithi inapoandikwa, wala si siku picha zinapokwisha kukatwa. Mtoto hupewa jina azaliwapo, si aozwapo. Shujaa mmoja na apewe sauti moja, naye ashikamane nayo katika kila sinema ya jina lake, hata kama mwongozaji amebadilika. Na idara za muziki, fasihi na Kiswahili katika vyuo vikuu ziache kuifundisha fasihi simulizi kana kwamba ni maneno matupu. Mwanafunzi aliyechambua ngano kwa dhamira na wahusika, akaiacha nyimbo yake nje ya daftari kwa kuwa haina maana katika kamusi, amemzika shujaa akihifadhi vazi. Hugh Tracey alirekodi nyimbo Tanganyika mwaka 1950, na maktaba aliyoianzisha ingaliko. Ni aibu ikiwa mtunzi wa Uswidi ataijua njia ya kwenda huko, na mwanafunzi wa Dar es Salaam asiijue.

Yatajibiwa kwamba sinema ni biashara, na mfanyabiashara hatafuti sauti bali fedha. Na iwe hivyo. Fedha za sinema ya mwaka jana zimekwisha kuhesabiwa na kutumiwa. Wimbo wa mwaka 1978 uliitwa kazini tena mwaka 2025 na ukaitika. Mfanyabiashara ajuaye kuhesabu angeona kwamba wimbo ndiyo bidhaa pekee katika duka lake ambayo mteja huitangaza bure, kwa mluzi, njia nzima. Asiyeliona hilo ni maskini wa masikio, na umaskini huo haujapata kuponywa kwa kuongeza ngoma.